Hewa ya Kwanza ni ya Mwenyewe

Alikuwa fundi wa baiskeli asiyejua kuendesha baiskeli. Hapo ndipo kila mtu wa Mukuyuni alipoanzia akitaka kumcheka, na mimi nilimcheka kama wengine. Kanisani alikwenda kwa miguu, kisimani kwa miguu, matangani kwa miguu, na nyuma yake baiskeli kumi za watu zimeegemea ukuta. Ukimuuliza alisema, "Kwani daktari anakunywa dawa ya kila mgonjwa?" Kisha anainamia kazi yake, nawe unabaki na kicheko mdomoni.

Kibanda changu cha nafaka kinatazamana na geti lake, kwa hiyo nilimwona kila siku ya kazi kwa miaka mingi, huku nikipima ndengu na mbaazi. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, sijui na sikuwahi kuuliza. Jina lake nalijua lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi tu. Hata mkewe, kabla Mungu hajamchukua, alimwita Fundi, na alimwita kwa sauti ya kumkaripia hata alipokuwa anamwita kula.

Niseme mapema kwamba kuna mahali nitamsema vibaya, na nina sababu. Mtu huyu alimfungia mama yangu ndani ya matumaini kwa miaka sita. Mama alikuwa anapofuka kidogo kidogo, hospitali ilikuwa tayari kumtibu, naye hakukubali kuondoka nyumbani kwa sababu ya gurudumu moja lililotundikwa kwa Fundi. Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia na kumpelekea uji alipougua, yote mawili.

Kazi yake nitaieleza, maana bila kazi yake hakuna cha kueleza. Huku kwetu miiba ya migunga haikosi njiani, iwe kiangazi iwe masika. Vijana walipoanza kununua baiskeli za milimani za mitumba, zile za tairi nene, walitoka nyumbani wakiwa wameketi na kurudi wakisukuma. Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwetu kutoa kabisa mpira wa ndani. Tyubulesi, vijana waliita. Tairi inashikana na ringi yenyewe, na ndani hamna kitu ila hewa na maziwa kidogo. Mwiba ukiingia, maziwa yanakimbilia tundu na kuganda hapo hapo, na mwenye baiskeli anaendelea na safari bila kujua kwamba alitobolewa.

Alifanyia kazi hiyo nyumbani, kwenye baraza ya jikoni, na alinawa mikono kwanza kama mwanamke anayetaka kukanda chapati. Alichukua mpira mdogo wa baiskeli ya mtoto, akaupasua kwa wembe kuzunguka mgongo wake wote, akaufungua na kuuvisha ringi kubwa kama soksi, valvu yake ikitokeza kwenye tundu la ringi. Juu yake akavalisha tairi. Akapaka povu la sabuni kwa mswaki wa zamani, akamimina maziwa, akaweka hewa, na mwisho akakata masalio ya mpira pembeni kwa wembe ule ule. Aliponyanyua gurudumu na kulitikisa, ulisikia maziwa yakizunguka ndani. Sauti ndogo, kama mtu anayesukutua mdomo chumba cha pili.

"Ukitikisa na usisikie kitu, maziwa imekauka," aliwaambia wateja. "Na joto ya huku haingoji. Mvua mbili zikipita, hiyo tairi iko peke yake."

Maziwa yenyewe alitengeneza kwa gundi nyeupe ya mpira, maji, unga wa mahindi na pilipili manga, ili punje ziwe za kuziba tundu. Baraza yake ilinuka kama jikoni ambako chakula kimeharibika. Kabla ya kuipata njia hiyo alijaribu utomvu wa mnyaa, mti ule uliopandwa kuwa ua nusu ya Ukambani, ambao hata mbuzi anajua kuuepuka. Ulimrukia jichoni. Wiki nzima alikaa amefunga uso kwa leso ya mkewe, na majirani tukapita kumpa pole huku tumebana midomo. Nilimwambia, "Fundi, mwenye macho haambiwi tazama." Akanijibu kutoka nyuma ya leso, "Sawa, na mwenye mdomo je?" Nilimpenda siku hiyo.

Sehemu ya kuweka hewa ndiyo iliyotutia hofu. Pampu ya mkono haina nguvu ya kutosha kuibandika tairi kwa mara moja, kwa hiyo alijaza hewa kwenye chupa kubwa ya soda, akaifunika kwa gunia isije ikampasukia, kisha akaifungulia yote kwa ghafla. Tairi inaruka na kukaa kwenye ringi. Inalia mara mbili, upande mmoja kisha wa pili. Pa! Na baadaye kidogo, pa! Mbwa walikimbia. Wanawake wa sokoni wageni waliinama nyuma ya magunia yao, sisi wenyeji tukawacheka.

Kati ya mlio wa kwanza na wa pili Fundi hakupumua. Nilimwangalia mara nyingi, kifua chake kilisimama. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ya kwanza inafungua mlango. Ya pili inafunga. Katikati hapo sijui nani anapita." Alisema hivyo akifuta sabuni mikononi, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.

Na huyu, mtaona, alikuwa mzee wa kanisa. Alikusanya sadaka, aliomba kwa sauti fupi isiyopamba, na ushirikina aliuchukia hadharani. Kuna mwanamume aliwahi kumletea gurudumu la mkewe akitaka Fundi amwambie mke huwa anakwenda wapi siku za Alhamisi. Fundi alimfukuza kwa pampu. "Mimi si mganga!" alipiga kelele mpaka soko likanyamaza. "Hii ni mpira na sabuni! Mpira na sabuni!"

Lakini ukweli ni kwamba angeweza kumwambia. Alikuwa akiokota udongo kwenye makunjo ya tairi kwa ncha ya bisibisi, anausugua vidoleni, na anajua. Mwekundu ni wetu wa hapa Mukuyuni. Mchanga mweupe ni wa mito mikavu ya upande wa Kitui. Mweusi unaonata ni wa mbuga, ukishapita mji wa Sultan Hamud. Kisha anaweka sikio kwenye tairi, anafumba macho, na kukaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusikia kama hewa inavuja. Nilimuuliza huwa anasikiliza nini. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza habari za chumbani kwake.

Hakuruka gurudumu lililolala chini, alilizunguka. Hakuruhusu mtu akate zile nywele za mpira zinazoota kwenye tairi mpya; alizipapasa kwa kiganja na kusema, "Hii bado ni mtoto. Nywele zikiisha ndio ujue imetembea." Na alikuwa na sheria mbili alizozishika kuliko amri za Musa, nadhani. Ya kwanza, hewa ya kwanza ni ya mwenyewe. Yeye atafanya yote, lakini kuijaza ile chupa ni lazima apampu mwenye baiskeli kwa mikono yake, hata awe mzee, hata awe mchungaji. Ya pili, gurudumu lazima lilale. Linawekwa juu ya ndoo usiku mmoja, ubavu mmoja halafu wa pili, ili maziwa yafike kila mahali. Asubuhi akilikuta gumu, unapewa. Akilikuta limelegea, linalala tena. Hakuna aliyewahi kumwondolea sheria hiyo kwa kumbembeleza. Ukimwambia una haraka alisema, "Miiba haina haraka." Ile methali ya haraka na baraka hakuipenda kabisa, alisema ni ya watu wanaochelewa.

Jambo jingine, na ndilo lililoniumiza baadaye: hakuwa mwongo. Alijulikana hivyo toka soko mpaka kanisani. Mchungaji alipomuuliza mbele ya watu kama mahubiri yalimbariki, alifikiri kwanza, akajibu, "Ilikuwa nzuri mchungaji, lakini ilivuja mahali." Ukimletea baiskeli isiyotengenezeka alikuambia usipoteze wakati. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa na utamu wowote.

Sasa nifike kwa mdogo wangu, Kyalo.

Kyalo alikuwa na baiskeli ya milimani ya kijani, na alikuwa ameitwa Sultan Hamud kwa kazi ya kupelekea watu mizigo kwa baiskeli. Alimletea Fundi magurudumu yote mawili. La mbele lilikuwa limelala na kuamka vizuri. La nyuma, lenye tairi mpya kabisa, lilitengenezwa Ijumaa mchana, na mimi nilikuwa pale, nimeacha kibanda changu niwaangalie. Kyalo alijaza chupa mwenyewe, akipampu na kuhema na kunicheka kwa sababu niliziba masikio. Pa, ikalia. Tukangoja. Tukangoja zaidi ya kawaida. Fundi alikuwa amesimama na kifua chake kimesimama. Ndipo ikalia ya pili, polepole, si kwa nguvu.

"Hii ilale," Fundi akasema. "Ilale hata siku mbili."

"Fundi, mimi nafaa kuwa Hamud kesho asubuhi," Kyalo akasema. "Nikikosa, wanachukua mtu mwingine."

"Basi wachukue."

"Aki Fundi! Niwekee ile wheel yako ya zamani hapa nyuma, hiyo yangu nitaikujia Jumatatu."

Walibishana kidogo. Mimi ndiye niliyesema, "Mpe tu Fundi, Jumatatu si mbali." Nilisema kwa sababu kazi ilikuwa ngumu kupatikana na nilitaka mdogo wangu aende. Hilo nimelibeba mpaka leo. Fundi alimfungia gurudumu la kuazima, lile la mpira wa ndani, na lile jipya akalilaza juu ya ndoo. Kesho yake kabla jua halijawa kali Kyalo alipita mbele ya kibanda changu, akapiga kengele, akaenda.

Hakufika Sultan Hamud. Hakurudi Mukuyuni. Tuliripoti, tulitembea ile barabara na njia zake za pembeni, tuliuliza kila duka na kila mchungaji wa mbuzi. Mmoja alimwona akiteremka kuelekea mbuga, akiendesha bila shida. Baada ya hapo hakuna. Baiskeli haikupatikana, kofia haikupatikana, hata kiatu. Mtu anayekufa huacha kitu cha kuzika. Sisi tulibaki tumeshika upepo.

Wiki ya tatu mama alikwenda kwa Fundi. Nilimfuata. Gurudumu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ndani ya chumba chake cha vyombo. Mama alilibonyeza kwa kidole gumba, akalibonyeza tena.

"Ni ngumu," akasema.

"Ni ngumu, mwaitu," Fundi akajibu. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu, na yeye alimwita hivyo kwa heshima ingawa hawakupishana sana umri. "Hewa ni yake. Aliweka mwenyewe. Bado iko."

Hakusema zaidi ya hayo, na yote yalikuwa kweli. Lakini mama aliyachukua maneno hayo akaenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa barua. Toka siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada alipita kwa Fundi, akabonyeza, akapapasa nywele za tairi kwa vidole, akasema, "Bado ni ngumu." Na mradi ilikuwa ngumu, mwanawe yuko. Kanisa lilipotaka kufanya ibada ya kumkumbuka, alikataa. Geti letu alikataza lisifungwe, Kyalo asije akafika na kulikuta limefungwa. Kila jioni alipoingia ndani mimi nilikwenda kulifunga kimya kimya kwa sababu ya wezi, na kila alfajiri yeye alikwenda kulifungua, na hatukuzungumza juu yake.

Wakati huo macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mtoto wa jicho, wakasema hospitali, upasuaji ni mdogo, atalala kule siku tatu tu. Mama akasema, "Na akija siku hizo tatu?" Nilibembeleza, nikalia, nikanuna. Mchungaji alikuja, akashindwa. Mwaka wa tano alianza kuweka chumvi kwenye chai. Mwaka wa sita alinishika uso kwa mikono miwili ili ajue kama ni mimi ama ni jirani. Kwa Fundi alipelekwa kwa kushikwa mkono, lakini kidole gumba hakihitaji macho. "Ni ngumu," alisema, na uso wake uling'aa, na mimi nilimtazama Fundi kwa chuki, naye alitazama chini.

Nilijiuliza, naam. Mwenyewe alikuwa ametuambia maziwa hukauka baada ya mvua mbili. Lakini Fundi hakuwa mwongo. Na kusema kweli sikulitikisa lile gurudumu hata siku moja, kwa sababu niliogopa majibu yote mawili.

Mwaka huu presha ilimwangusha Fundi. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, na bintiye aliyeolewa Tulia, kule Kitui, akaja kumchukua. Chumba cha vyombo kilifungwa kwa kufuli kubwa na ufunguo ukaenda naye. Miezi minne mama hakubonyeza kitu. Alikaa mlangoni ameelekea getini. Nilifikiri labda sasa atalegea, lakini alisema tu, "Tungoje Fundi arudi."

Akarudi, kwa siku moja. Bintiye alikuwa ameamua akae Tulia moja kwa moja, kwa hiyo walikuja kutoa vyombo. Fundi alinipigia simu. "Kuja peke yako," akasema. "Mama usimlete."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo yake iliyopinduliwa mbele ya mlango wa chumba cha vyombo, fimbo mkononi, amekonda mpaka kola ya shati inazunguka shingo. Bintiye alikuwa jikoni anafunga sufuria. Ufunguo ulikuwa kwenye goti lake.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, na niliyasema. Nilimwambia kwamba leo nitatoa ile hewa kwa mkono wangu, mama akubali kwamba mtoto ameenda, apelekwe hospitali kabla macho hayajafa kabisa.

"Hakuna hewa ya kutoa," Fundi akasema.

Nilikaa chini kwenye baraza.

"Ilikuwa wiki ya tisa," akasema. "Nilitoka kanisa nikapata imelegea. Ilikuwa Jumapili. Nikasikia mama yako kwa geti anaita hodi. Nikachukua pampu." Aligeuza ufunguo gotini. "Toka siku hiyo, kila Jumapili kabla ya kanisa. Maziwa ilikauka kitambo, hiyo sikuongeza, hewa tu. Miaka sita nimeweka hewa yangu nikisema ni yake. Na naenda kukusanya sadaka na hiyo mikono."

"Kwa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ungemwona vile alikuwa amesimama."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa ndefu, na aliitembea kwa miguu, na sikuwa na nguvu ya kumkasirikia tena. Nililia. Naye alilia kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unasikia.

"Sasa ni miezi nne sijashika pampu," akasema. "Utaikuta imelala kwa msumari kama ngozi. Chukua, mwonyeshe mama. Mwambie Fundi alikuwa mwongo. Aende hospitali."

Akanipa ufunguo. Kwenye kufuli palikuwa na utando wa buibui, mzima, na ndani yake nzi wawili waliokauka. Niliufuta kwa kidole. Mlango ulisukuma vumbi lililotanda sakafuni bila alama ya mguu wa mtu, wala wa panya. Fundi aliingia nyuma yangu akiburuta mguu. Gurudumu lilikuwa pale pale ukutani, ndani ya kivuli. Alinyoosha mkono wake mzima, akalibonyeza.

Sikuhitaji kuambiwa. Niliona kidole gumba kikikataa kuzama.

"Nani ameingia hapa?" akauliza. Alimwuliza bintiye kwa sauti, na bintiye akajibu kutoka jikoni kwamba ufunguo ni ule mmoja, na umelala chini ya mto wake kule Tulia siku zote hizo.

"Litoe," akaniambia.

Nililitoa. Lilikuwa na joto, kama jiwe lililokuwa juani, na chumba kile hakina dirisha. Akaniambia nitikise. Nilitikisa, na ndani yake maziwa yakazunguka, mengi, mepesi, yakafika upande wa pili na kurudi. Tulisimama tukiyasikiliza mpaka yakatulia.

Fundi alipitisha kiganja juu ya tairi, taratibu, duara zima. Nusu ya njia mkono ulisimama. Aliutoa, akaufuta kwenye suruali yake, akaufuta tena. Kisha mzee huyu aliyemfukuza mtu kwa pampu aliniambia kwa sauti ya chini sana, "Mimi nilisema ni mpira na sabuni."

"Nitoe hewa?" nikauliza. Ukucha wangu ulikuwa tayari kwenye valvu. Nilikuja kwa ajili hiyo. Ningetoa, mama angebonyeza, angekubali, macho yake yangepona. Nilibonyeza kidogo tu, kwa muda wa kupepesa jicho, na hewa iliyotoka ilinigusa mkono, nikatoa ukucha haraka. Siwezi kusema ilikuwa hewa ya namna gani. Nilijua tu kwamba singeweza kuimaliza.

Fundi alichukua gunia, akalivisha gurudumu kwa mkono mmoja, akifanya haraka, yeye ambaye hakufanya kitu kwa haraka. Alilifunga kamba.

"Usilitoe kwa hii gunia mpaka mama atoke hospitali," akasema. "Fungua pembeni hapa karibu na ringi, abonyeze, basi. Umenisikia?"

"Hataenda hospitali likiwa gumu."

Alifikiri. Akasema, "Mwambie sasa limekuja nyumbani. Wakati mama hayuko, hilo litamngoja mtoto. Akifika, atakuta kitu chake kwa mlango. Atajua mnarudi sasa hivi."

Ndivyo nilivyomwambia mama, neno kwa neno. Alibonyeza ubavuni, pale nilipofungua.  Kisha akauliza kama nguo zake za kanisani zimefuliwa, kwa sababu hawezi kwenda kwa daktari na nguo ya shamba. Miaka sita ya kumbembeleza, na mzee mwenye mkono mmoja alifungua kufuli hilo kwa sentensi nne.

Tuliliacha gurudumu limesimama ndani ya mlango, kwenye gunia lake, tukafunga nyumba. Sikuchungulia ndani ya gunia. Nilitii kwa sababu sikutaka kuona zaidi ya niliyoyaona.

Siku ya nne tulirudi. Mama alikuwa akitazama kila kitu njiani na kukitaja: mbuzi, mlingoti, bati jipya la jirani. Alinitazama mimi akasema nimezeeka. Gunia lilikuwa pale tulipoliacha. Mama akaketi mbele yake kwenye kigoda, akafungua kamba mwenyewe, akalivua. Alilibonyeza kwanza. Halafu akapitisha vidole juu ya tairi kama alivyozoea, na vidole vikasimama mahali ambapo kiganja cha Fundi kilisimama.

"Asi!" akasema. "Nywele zimeenda wapi?"

Nilipiga magoti nikaangalia. Tairi ambayo haikuwahi kugusa barabara ilikuwa laini. Zile nywele zilikuwa zimeisha kabisa, na vile vichuguu vya mpira vilikuwa vimelika katikati, kama tairi ya mtu anayesafiri kila siku. Mama alichomoa pini kwenye kilemba chake, akachokoa kwenye kunjo moja. Kilichoanguka kwenye kiganja chake kilikuwa udongo mweusi, unaonata. Palikuwa na mwiba pia, umezama mpaka mwisho, na kuzunguka mwiba huo maziwa yalikuwa yameganda meupe.

 Mama aliutazama udongo ule. "Amekuwa akiendesha," akasema, bila kushangaa, na akainuka kwenda kubandika chai.

Nilitoka nje nikampigia Fundi. Bintiye alimshikia simu sikioni. Nilimweleza yote.

"Nilihisi siku ile," akasema mwishowe. "Ilikuwa laini kama kichwa imenyolewa. Sikutaka kukwambia, ungekosa kumpeleka." Nilisikia akipumua. "Na bado ni ngumu?"

"Ni ngumu."

"Basi usiweke hewa. Hata ikilegea. Mimi niliweka, nikakosea. Hewa ya kwanza ni ya mwenyewe." Kisha akauliza, kama mtoto, "Mama anaona vizuri?"

Nikamwambia anaona. Akasema Mungu asifiwe, na simu ikarudi kwa bintiye.

Jua lilikuwa linashuka. Nilikwenda kulifunga geti, kama nilivyofanya kila jioni kwa miaka sita. Nililishika komeo. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona, na vumbi lake lilikuwa jekundu, letu. Nilisimama hapo mpaka mama akaniita chai. Kisha nikaliachia komeo, nikarudi ndani, na geti nikaliacha wazi.